Funguo Zilikuwa Ndani

Haya, jongeeni. Wa nyuma waje mbele, wa mbele wabane magoti, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana hadithi hii ikishaanza haisimami hata kwa kengele ya chakula. Na si hadithi ya kusikiliza ukalala. Ni ya kusikiliza ukakosana na aliyekaa kando yako.

Palikuwa na kiwanda cha minofu ya sangara katika mji wa Nyamatembe, na ndani yake walikuwamo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Mama Nyabise, mkata minofu, miaka kumi na tisa ameshika kisu. Kipaji chake masikio. Mashine ikianza kuumwa, yeye alijua kabla ya mashine yenyewe. Wanawake arobaini wanakata samaki kwa mpigo, maji yanamwagika, redio inaimba, naye anainua kichwa na kusema: "Wewe Ghati wa meza ya nane, kisu chako butu, kinalia." Ghati akikitazama, kweli, butu.

Wa pili ni Lubango, fundi wa kiwanda. Kipaji chake mikono. Hakuna kilichofungwa kikakataa kumfungukia, wala kilichovunjika kikakataa kumsimamia. Ila mikono ile ilikuwa na mwenyewe mwoga, na uoga wake ulikuwa wa karatasi. Mpe waya wenye umeme, ataushika akicheka. Mpe barua yenye muhuri, magoti yatapigiana makofi. Alikuwa na mluzi mmoja, wa wimbo mmoja wa kwaya, na aliukosea palepale kila siku ya Mungu.

Wa tatu ni Enesia Sanga, mpishi wa kantini. Huyu kwao Makete, juu kabisa milimani, ambako asubuhi maji ya ndoo yanaota kioo. Kipaji chake ni kwamba aliijua baridi kama watu wanavyomjua shemeji: alijua inapokuja kwa utani na inapokuja kwa ugomvi.

Na juu ya hao wote alikuwapo Bwana Magesa, msimamizi wa uzalishaji. Kipaji chake sasa... Tuseme alikuwa na cheti.

Cheti chenyewe alikipata kwenye semina ya usimamizi wa wafanyakazi, ya siku tatu, hotelini. Siku ya kwanza walifundishwa kutoa maagizo. Magesa alikaa mstari wa mbele, akaandika mpaka kalamu ikapata moto. Siku ya pili walifundishwa kuwasikiliza walio chini yako. Magesa siku hiyo alikwenda kununua viatu. Siku ya tatu walifundishwa kumwandaa mtu wa kukusaidia na kukupokea kazi. Magesa alifika wakati wa chakula cha mchana, akala, akapokea cheti, akapiga picha.

Aliporudi kiwandani akabandika kanuni kumi na moja ukutani, kubwa kama tangazo la mkutano wa hadhara, na chini ya kila moja akaweka saini. Anayeondoka mezani bila ruhusa, barua ya onyo. Anayeingiza simu ukumbi wa kazi, barua. Mambo ya idara nyingine hayakuhusu: ukiyafuatilia, barua. Chakula kikivuka mstari mwekundu uliochorwa mlangoni pa ukumbi, barua. Na ya friza ilikuwa na wino mwekundu: "Ukiukuta mlango wa friza uko wazi, usiulize, funga na ubane kufuli. Kufuli halitafunguliwa ila kwa ufunguo wa msimamizi au fomu yenye saini ya msimamizi."

Ufunguo wa pili je? Ulikuwapo, kwa Lubango. Magesa akauchukua, akautia kwenye mkungu wake wa funguo, ule uliokuwa ukilia kiunoni mwake kama kengele ya mbuzi. Watu wakiusikia unakuja, migongo inajikunja yenyewe.

Basi ikafika Oktoba. Joto la ziwa likashuka juu ya mabati mpaka kiwanda kikawa kikaango. Wafanyakazi wakabuni dawa: mtu anapita karibu na friza, kile chumba kikubwa cha kugandishia minofu, kufuli likiwa limefunguliwa kwa kazi, anaingia, anavuta mlango, anahesabu mpaka ishirini, anatoka amepoa kama mbunge aliyepita bila kupingwa. Magesa akagundua. Akaamuru mpini wa ndani ung'olewe, ili atakayeingia asithubutu kujifungia. Lubango akaung'oa. Akasema tu, kwa sauti ndogo, "Bosi, sasa mtu akibanwa huko?"

"Anayefuata kanuni habanwi," akasema Magesa.

Mpini ukang'olewa, watu wakaendelea kuingia, ila sasa waliuacha mlango wazi kidogo. Magesa akaona amechezewa. Ndipo siku moja, saa nane mchana, akatunga mtego. Simu akaiacha mezani, maana kanuni ni kanuni. Akaenda frizani akiwa na shati la mikono mifupi na tai, akauacha mlango wazi, wazi kabisa, kama mdomo wa mamba anayeota jua. Akaingia, akachuchumaa nyuma ya katoni. Aje sasa mvivu mmoja!

Akasubiri dakika moja. Baridi ikamwuliza hali. Akasubiri ya pili. Baridi ikakaa kwenye kiti. Kisha akasikia mtu anakuja, na akatabasamu kwa meno yaliyoanza kugongana.

Aliyekuja alikuwa anapiga mluzi. Wimbo wa kwaya. Akaukosea palepale.

Lubango akaukuta mlango wazi. Hakuuliza. Akaufunga. Akabana kufuli: *ka!*

Na taa ikazimika, kwa sababu Magesa mwenyewe alikuwa ameagiza taa ifungwe pamoja na mlango, kubana matumizi.

"Lubango!" akapiga kelele. Lakini feni za friza zikavuma, zikaimeza sauti, na mluzi ukaenda zake. Magesa akapapasa mpaka mlangoni. Akautafuta mpini. Vidole vyake vikakuta matundu mawili ya skrubu, laini, yamesafishwa vizuri. Kazi ya fundi hodari.

Akashika kiuno. Funguo zote mbili za kufuli zilikuwa pale, zinalia. Kufuli lilikuwa upande wa pili.

Mwanzo alikasirika. Alipiga mlango kwa ngumi, akaahidi barua kwa kila mtu, pamoja na mlango. Baadaye hasira ikapoa, maana humo kila kitu kilipoa, na akaanza kufikiri nani atakuja kumtafuta. Nyabise? Hawezi kuacha meza. Mlinzi? Friza si idara yake. Mtu wa vipimo vya baridi? Hana fomu. Na fomu ataisaini nani? Akakumbuka jinsi ukumbi ulivyokuwa ukinyamaza yeye anapoingia, na sasa, gizani, akaelewa kitu kimoja kwa mara ya kwanza: kule nje wangeona hayupo, na wangeshukuru. Kutokuwapo kwake kulikuwa kikombe cha maji baridi mchana wa Oktoba. Nani anakwenda kutafuta kiu?

Masikio yakafa kwanza, kisha vidole. Kikaja kitu kibaya zaidi, usingizi, mtamu, unaomwita kwa jina. Palikuwa na bomba la chuma lililotoboa ukuta kwenda upande wa ukumbi. Akatoa mkungu wa funguo, akaanza kuligonga. Ti, ti, ti. Hakuwa anaita tena. Alikuwa anajizuia kulala.

Yaliyotokea nje Magesa aliyasikia baadaye, akiwa kitandani, nayo yalikuwa hivi.

Mama Nyabise aliinua kichwa. Visu arobaini, maji, redio, na chini ya vyote hivyo: ti, ti, ti. Akaweka kisu. Akaondoka mezani bila ruhusa, mbele ya macho ya watu wote, akaenda mpaka kwa Lubango.

"Lubango, kuna mtu frizani."

"Nani kakwambia?"

"Funguo zake."

"Mama, rudi mezani, utaandikiwa barua."

"Nitatafuta wa kunisomea. Fungua."

"Kufuli halifunguliwi bila ufunguo wa msimamizi, au fomu yenye saini ya msimamizi."

"Na msimamizi yuko wapi?"

Lubango akaitazama ofisi ya kioo. Kiti kitupu, simu mezani. Akautazama mlango wa friza. Mluzi ukamfia mdomoni.

Naye alikuwa tayari na barua mbili kabatini. Ya tatu ni ya mwisho, na baada yake ni nyumbani. Hata hivyo mikono ikachukua grinda ya kukatia chuma. Kufuli lilikuwa la chuma kigumu, lingemla nusu saa. Akaliacha, akazigeukia bawaba. Cheche zikaruka mpaka ukutani, zikatoboa ile karatasi ya kanuni kumi na moja. Dakika nne tu, mlango mzima ukalala chini, na Bwana Magesa akaanguka nje pamoja na mvuke, nyusi nyeupe, mkungu wa funguo umegandia kiganjani.

"Moto! Mpelekeni kwenye boila!" akapiga kelele mlinzi. Wanaume wanne wakamnyanyua juujuu, mbio.

"Mwekeni chini!"

Ni Enesia. Amevuka mstari mwekundu na vitambaa vya meza ya wageni begani, vitenge vyake mkononi, birika la chai kwenye kidole.

"We dada, mtu anaganda!"

"Ndiyo, na wewe unataka kumpasua. Mtu wa baridi hachomwi kama mahindi! Mwekeni chini taratibu. Msimsugue. Vueni hilo shati, limekuwa bati. Ghati, njoo ulale huku. Na wewe mama mnene, huku."

"Mimi? Nimlalie bosi?"

"Mlalie! Ulikuwa unataka kumkalia miaka yote, leo una ruhusa."

Wakamfunika, mama huku na mama huku, kama andazi kati ya mito. Akapata joto kidogokidogo, kutoka kifuani kwenda nje. Alipoweza kumeza, Enesia akampa chai yenye sukari, kijiko baada ya kijiko, mpaka akafumbua macho, akasema neno lake la kwanza:

"Nani... kaleta... chai ukumbini?"

"Yuko hai," akasema Nyabise, akarudi kwenye samaki wake.

Tabibu alipofika akasema mambo matatu. Dakika kumi zaidi humo ndani, angekuwa marehemu. Kungesubiriwa kufuli likatike, angekuwa marehemu. Angefikishwa kwenye boila, moyo ungeshtuka, angekuwa marehemu. Magesa akamsikiliza, akaona amekufa mara tatu siku moja, na kila mara mtu mmoja akamkataza.

Sasa ninyi mnadhani ndipo watu wakala pilau, tukaenda nyumbani. Thubutu!

Siku ya nne Magesa amerudi ofisini, vidole vimefungwa bandeji, na simu ikalia. Mkurugenzi, kutoka makao makuu.

"Magesa, umepona?"

"Nimepona, Bi Mkurugenzi."

"Alhamdulillahi. Nimesoma taarifa. Mmoja aliacha meza, mmoja alikata mlango, mmoja alivusha chakula. Kanuni zako zinasemaje?"

"Barua, Bi Mkurugenzi. Lakini kanuni zenyewe nimezibandua. Ni mbaya."

"Zifute. Kuanzia leo. Siku ile zilikuwapo, na saini ni yako. Nikiwasamehe wote watatu, kesho viwanda vyote sita vitaniambia kanuni ni mapambo. Lakini mimi si jiwe. Nafasi ya msimamizi msaidizi iko wazi, na wewe mpaka leo hujaandaa mtu. Chagua mmoja kati ya hao. Utakayemwandika, kosa lake nitalihesabu kuwa ni ujasiri wa kiongozi. Wawili watakaobaki watapata barua ya mwisho. Wakikosea tena hata kufunga aproni, kwao."

"Na nisipochagua?"

"Kengele ya chakula ikilia hujanipa jina, watapata barua ya mwisho wote, na msaidizi nitamleta mimi. Nina mpwa wangu hapa. Ana cheti."

Magesa alivyosikia neno cheti, akaibana simu sikioni.

"Bi Mkurugenzi, barua niandikie mimi. Mimi ndiye niliyeleta yote."

"Wewe ulivunja kanuni ipi?"

Magesa akafungua mdomo. Akazipitia zote kumi na moja, moja baada ya moja. Simu hakuingiza. Mlango aliuacha wazi, lakini kanuni ilisema aukutaye, si auachaye. Hakuna. Waliomtoa walikuwa wamevunja zote za kuvunjika, na yeye, aliyejenga jeneza, akalisaini na kuingia mwenyewe, alikuwa msafi kama sahani ya mgonjwa.

"Hakuna," akasema.

"Basi nasubiri jina." Simu ikakatwa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika ishirini. Kengele hulia saa saba kamili. Ofisi ya Magesa ilikuwa ya kioo, mlango wake haukuwa na kufuli, na hakuweza kutoka.

Akawaita wote watatu. Akawaeleza bila kuficha. Na mara hii, mbele ya watu wale, akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya: akanyamaza asikilize.

Lubango hakukawia. "Bosi, usiniandike mimi. Mlango niliufunga mimi. Niliona uko wazi, nikabana kufuli, wala sikuchungulia."

"Najua. Nilisikia mluzi."

"Ila bosi," Lubango akaongeza, "kama ni utii, niliyekutii kuliko wote ni mimi. Nilikutii mpaka nikakufungia. Na barua zangu ni mbili tayari. Nikipewa hiyo ya mwisho... mimi nitafukuzwa hata kwa kupiga mluzi."

"Ala! Hataki, kumbe anataka!" akadakia Enesia. "Mimi basi nisemeje? Nilikuona kwa dirisha la jikoni unanyata kuingia frizani na tai yako. Hukuvaa koti. Nikajua baridi hii ni ya ugomvi, mtu wa shati hakai humo robo saa. Nikacheka. Nikasema, mambo ya idara nyingine hayanihusu. Nilikuwa nimeandikiwa barua kwa kusema mabomba ya ukumbini yanavuja, umesahau?"

Magesa hakuwa amesahau.

"Lakini na mimi niseme ukweli," Enesia akaendelea. "Wangekufikisha kwenye boila, hawa wawili wangekuwa wametoa marehemu. Mpishi hakuna anayemfikiria kuwa kiongozi. Siku ile nani alikuwa anaongoza pale sakafuni? Wanaume wanne walinitii, na mlinzi wa tano."

Wakamgeukia Nyabise. Mama yule alikuwa anaufuta mkono kwenye aproni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mama Nyabise, na wewe?"

"Mimi, mwanangu, nilijua ni wewe." Akasema bila kupandisha sauti. "Siyo kwamba nilisikia mtu. Funguo zako nazijua, zimenikunja mgongo miaka sita. Niliposikia mara ya kwanza, nikajua ni Magesa, yumo frizani, anakufa. Nikakata samaki mmoja. Nikakata wa pili. Nikakata wa tatu."

Ofisi ikawa baridi, Oktoba ileile.

"Wa nne nikashindwa," akasema Nyabise. "Nikaweka kisu. Hao wenzangu walikosa kwa kutojua. Mimi nilijua, na nikaja. Sijui hilo linanipandisha au linanishusha. Wewe ndiye mwenye kalamu."

Magesa akaitazama fomu. Mahali pa jina ni mstari mmoja, mrefu kama kidole. Akimwandika Nyabise, amempa cheo aliyempima kwa samaki watatu kabla ya kumwokoa; asipomwandika, amempa barua ya mwisho sikio pekee lililomsikia. Akimwandika Lubango, amekitukuza kile kile kilichomfungia; asipomwandika, mikono iliyoshinda uoga wake kwa ajili yake itafukuzwa kwa mluzi. Akimwandika Enesia, amechagua aliyecheka. Asipomwandika, amesema mtu wa jikoni aokoe tu, asiongoze. Na akiacha wazi, mpwa mwenye cheti yuko njiani, na ukutani pale kwenye bandiko la zamani kuna nafasi nzuri ya kanuni mpya.

Zimebaki dakika nne. Watatu wamesimama. Hakuna anayemtazama mwenzake. Nje ya kioo wanawake arobaini wameweka visu chini, wote, bila ruhusa, wanatazama ndani. Na kwa mara ya kwanza Magesa akaona kioo kile kilivyo kwa upande wa ndani: hakina hata mpini.

Simu imeanza kuita. Mlinzi amekwisha shika kamba ya kengele.

Haya, ninyi mliobana magoti. Kalamu hii hapa, vidole vyake vina bandeji, hawezi kuishika vizuri, mshikieni. Masikio yaliyosikia yakangoja? Mikono iliyofunga ikafungua? Au yule aliyeiona baridi ikiingia akacheka, kisha akaifukuza? Mstari ni mmoja, na kengele hiyo. Wewe uliyekaa hapo na kikohozi chako, ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewatazama vipi machoni?